Siku tuliyopanga vipande vya sabuni darasani

Mwalimu wetu wa hesabu darasa la sita, kule Muheza, alikuwa haji darasani na chaki tu, lazima awe na kitu mkononi. Wiki ile tulikuwa kwenye mzingo. Alitukatisha maboksi tukatoa vimraba vinavyolingana, tukavipanga mstari mmoja tunahesabu mzingo: kimoja 4, viwili 6, vitatu 8, vinne 10, yaani inapanda mbilimbili, na wengi wetu tukaridhika hapo. Yeye akauliza, mbona haipandi nne nne wakati kila kimraba kina pande nne? Darasa zima kimya. Mpaka binti mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha mkono, akasema mwalimu, vikigusana kila kimoja kinaficha upande wake mmoja, kwa hiyo unaongeza nne unatoa mbili. Mwalimu akaliandika jibu lile ubaoni vilevile alivyolisema na akakataza lisifutwe.

Siku iliyofuata ndo ninayotaka kuisimulia. Alikuja na miche ya sabuni ya kufulia, bado mbichi mbichi, akaikata kwa uzi wa nailoni vipande vidogo vya mchemraba, kila kundi likapewa 24. Akasema pangeni vyote viwe kitu kimoja, alafu mhesabu nyuso ndogo ngapi zimebaki nje, hata zile za chini mezani zinahesabika. Atakayepata chache ndo atakayetumia karatasi kidogo kuifunga.

Darasa likanuka sabuni, mikono inateleza, kelele kama soko la Jumamosi. Kundi la dirishani walipanga mstari mmoja mrefu, wakapata 98. Wengine wakalaza kama sinia, 4 kwa 6, wakapata 68. Wengine wakasimamisha mnara wa 2 kwa 2 kwenda juu 6, ikawa 56, wakaanza kutamba, ila hawakutamba sana mana kundi la mbele walikuja na 2 kwa 3 kwa 4, wakapata 52.

Sisi tulikuwa tumeanzia chini 3 kwa 3 tukitaka mchemraba mkubwa kabisa, lakini mchemraba huo unataka 27 na sisi tunavyo 24 tu, kwa hiyo kila tabaka tukaliwekea vipande 8 na kona moja ikabaki wazi kutoka chini mpaka juu. Wenzetu wakaja kuangalia, wakasema nyie hamuwezi kushinda na pengo hilo, humo ndani mnaona nyuso zote hizo? Tukahesabu kwa vidole, huyu anapata 50 yule 54, ukigeuza sabuni zinaporomoka unaanza upya.

Ndo yule binti, ambaye bahati nzuri alikuwa kundi letu, akasema tuache kuhesabu nyuso, tuhesabu maungio. Vipande 24 mara nyuso 6 ni 144 kabla havijagusana. Kila panapogusana panapotea nyuso mbili. Tabaka moja lina maungio 10, matatu ni 30, alafu tabaka la chini na la kati yanagusana mara 8, la kati na la juu mara 8, jumla 46. Mara mbili ni 92. 144 toa 92, ni 52. Sawa na kundi la mbele! Wao hawakukubali, wakahesabu maungio ya kwao, wakapata 46 hizohizo.

Mi mpaka leo naona ile ndo hesabu nzuri kuliko zote nilizowahi kuona darasani. Mwalimu alichora ubaoni miraba 9, tatu kwa tatu, mzingo 12, akafuta wa konani, mzingo ukabaki 12, kwa sababu kona ikiondoka inaondoka na pande mbili na inafunua mbili. Kumbe pengo letu halikuwa na gharama tuliyoiogopa. Kwa kweli darasa zima hakuna aliyeshuka chini ya 52.

Alafu akatupa vipande vitatu vya ziada, akasema haya, jazeni. Tukaweka cha kwanza chini ya pengo, kikagusa viwili, kikaficha nyuso nne kikaleta sita, tukawa 54. Cha pili kikagusa viwili vya pembeni na kimoja cha chini yake, yaani kinaficha sita na kinaleta sita, bado 54. Cha tatu vilevile, 54. Sabuni mbili zimeingia na karatasi haijaongezeka hata kidogo! Nilishika ile mchemraba nikaizungusha nikitafuta zile nyuso zilikoenda.

Kuna mwenzetu akauliza, na chungwa je? Muheza machungwa ndo kwao. Mwalimu akasema tufe lenye ujazo wa vipande vyetu 24 uso wake ni sawa na nyuso ndogo kama 40 tu, na hakuna umbo la ujazo huo lenye uso mdogo kuliko tufe, ila kuthibitisha ni kazi ya wakubwa. Nilipokua nikasoma kwamba uthibitisho kamili alikuja kuutoa Mjerumani Hermann Schwarz mwaka 1884, wakati watu walishajua tangu zamani za Wagiriki.

Nyumbani mama alikuwa anauza vipande vya sabuni kibarazani, kaviachanisha juu ya ubao. Nikamwambia mama, sabuni inakaukia kwenye nyuso zake za nje, tukivibananisha havitasinyaa haraka. Akasema, “Mwanangu, nikivirundika wateja watajuaje kama nauza sabuni?” Alikuwa na haki, mfanyabiashara anataka uso uonekane. Tukakubaliana mchana vikae wazi, jioni akifunga mimi navipanga. Na vya mama havikuwa mchemraba, vilikuwa virefu kidogo, kwa hiyo swali likabadilika, nyuso hazilingani tena na inabidi uanze kuficha zile kubwa kwanza, na idadi inayobaki kila jioni ni tofauti, leo 17, kesho 11, upange upya.