Picha za vitabu vya utotoni kwenye kuta zetu za chokaa

Kila mgeni akipanda juu lazima aulize zile picha za sungura na fisi nimenunua wapi. Sijanunua popote, zimetoka kwenye vitabu vya kusomea vya skuli ambavyo mama alivitia kasha tangu sie wadogo, vile vya michoro ya wino mweusi, karatasi zishakuwa rangi ya chai. Mume wangu ye alitaka tununue stika za katuni tubandike chumba cha watoto yaishe, nikamwambia bwana wee, stika kwenye ukuta wa chokaa? Masika ya kwanza tu ishabanduka na chokaa yake.

Maana sie tunakaa Mkunazini, Mji Mkongwe wa Unguja, nyumba ya mawe, na anaeishi nyumba hizi anajua, ukuta unavuta maji kutoka chini na chumvi inatokeza nje kama unga. Ukiupaka rangi ya mafuta ndo umeuziba kabisa, unyevu unabaki ndani rangi inafura.

Vitabu sikukubali vikatwe hata ukurasa mmoja. Nikavipeleka duka la stesheneri Darajani wakaniskania, na hapa nkwambie kitu, mwambie akuwekee nukta 600 kwa inchi (dpi) sio 300, kwa sababu kurasa ya A5 ukiikuza mpaka A3 kila upande unakuwa mara mbili, kwa hiyo ile 600 inashuka kuwa 300 na mistari bado inatoka safi. Kijana wa dukani kashaanza kuisafisha ile rangi ya chai iwe nyeupe pe, nikamzuia. Na ile miwani ya penseli ambayo kaka yangu alimvisha fisi zamani hizo, nayo nikasema iachwe hivo hivo. Karatasi nilichukua nene isiyong'ara, ya kung'ara ukiitazama mchana huoni picha, unaona dirisha.

Kelele zilikuwa kwenye kuchagua. Mama anataka kima na papa, pale kima yuko katikati ya bahari mgongoni mwa papa ndo anaambiwa kuwa moyo wake unatakiwa uwe dawa ya sultani, nae anajibu aa, mioyo yetu sie tunaiacha mitini, nirudishe nikauchukue. Mie nang'ang'ania Abunuwasi na sufuria iliyozaa. Zikapita zote mbili, ila mama katia sharti, chumba tunachosalia isiwekwe picha ya kiumbe hata moja. Hapo hakuna aliebisha, zote zikaenda korido ya juu na chumba cha watoto.

Sasa kutundika. Fundi seremala kagonga msumari wa kujaribu, mchanga na chokaa ukamwagika chini shwaa, akanambia dada, ukuta huu hauna pa kushika. Mie nikatazama juu. Boriti za mikoko si hizo zimejipanga kutoka ukuta hadi ukuta? Boriti hizi kwa ufupi wake ndo zinatufanyia vyumba vyembamba, basi leo na zitufae. Tukafunga mshipi wa kuvulia, ule mnene, ukishuka chini hata huuoni vizuri, na fremu zinaning'inia kwa kulabu za shaba maana za chuma huku kwetu kutu haichelewi.

Nyuma ya kila fremu pembe za chini nimegundisha vipande vya kandambili ya zamani, fremu isilalie ukuta na hewa ipite. Kioo nacho kisiguse karatasi, zungushia kadibodi ndani ya fremu, vikigusana na unyevu huu vinagandana na ukija kubandua inatoka picha nusu.

Binamu yangu wa Wete, Pemba, kaziona nae anazitaka, ila yeye nyumba yake ya bloku na dari imefunikwa, boriti atoe wapi. Nimemwambia apige msumari wa saruji tu, zile raba za nyuma ndo asije akaziacha.