Ukuta wa sebuleni, wiki ya saba: umekauka!

Leo asubuhi nimepitisha kiganja ukutani, nikakitazama. Kikavu, hakina unga mweupe. Miaka mitatu nagombana na ukuta huu.

Wenzangu wa Mji wa Kale, Mombasa, mnaujua ugonjwa: kuanzia sakafuni hadi magotini rangi inafura, inabanduka, na nyuma yake chumvi tele. Nilipaka rangi mara mbili. Mara ya tatu nikapiga lipu ya simiti, nene, nikajiona fundi. Masika hayajaisha, chumvi imeshafika kiunoni.

Kumbe simiti ndiyo iliyoniponza. Nyumba ni ya matumbawe na chokaa. Maji yanapanda kutoka ardhini na kutokea usoni mwa ukuta. Ukiyazibia kwa simiti na rangi ya mafuta, yanazidi kupanda hadi yapate pa kutokea, na chumvi yanaibeba. Kuhakikisha, nilibandika karatasi ya nailoni ukutani kwa selotepu pande zote nne, siku mbili. Jasho likawa upande unaogusa ukuta. Lingekuwa upande wa chumbani, ningeilaumu hewa ya Mombasa.

Basi lipu yote chini. Jirani akaniazima grainda: dakika tano, vumbi mpaka kwenye sufuria za jikoni, na jiwe limechimbika. Nimeirudisha. Kwa matumbawe ni patasi na nyundo ndogo, hakuna njia ya mkato.

Lipu ya kwanza ya chokaa ilipasuka yote kama tope la bwawa lililokauka. Ami alikuja, akaigusa kwa ukucha, akacheka. "Mwanangu, hii si simiti. Hii hunyweshwa." Nilikuwa nimeipaka nene kwa mkupuo mmoja, dirisha wazi, kaskazi inavuma moja kwa moja. Nikabandua tena (usiniulize nilivyosema). Mara hii: kipimo kimoja cha chokaa iliyolowekwa kwa vitatu vya mchanga wa mtoni, maana wa baharini unakuja na chumvi yake. Ukuta nikaurowesha kwanza, nikapaka tabaka nyembambanyembamba, na magunia mabichi nikayatundika mbele yake. Chokaa hukaza kwa kuvuta kabonidioksidi hewani, haiharakishwi. Na vaeni miwani. Tone moja jichoni linaunguza.

Chumvi ikichomoza tena nitaipangusa kwa brashi kavu. Ukiiosha inayeyuka na kurudi ndani. Mtihani wenyewe ni masika.

Wiki hii nilipanga kupaka maji ya chokaa, kisha dirisha. Lakini juzi, nikibandua kipande cha mwisho karibu na mlango, patasi ikalia kwa utupu. Nikagonga tena. Kidaka, shubaka la ukutani! Kimezibwa kwa vifusi na simiti, upinde wake mzima, na juu ndani masizi ya taa ya mafuta. Dirisha litangoja. Tangu jana nakichokonoa kwa kijiko.