Na jua mtalifunga?

Mimi ni afisa uvuvi, na wiki nzima natembea na swali la mama mmoja wa Kibirizi, hapa Kigoma kando ya Ziwa Tanganyika, leo usingizi umekata kabisa nikasema bora niandike. Mahari ya mdogo wangu imetoka Jumamosi, mambo yalienda vizuri, ila kichwa changu kimebaki kule mwaloni, wanaposhushia samaki.

Tulikaa kikao na wamama wa dagaa. Yeye alikuwa kando ya kichanja chake, dagaa kidooogo, ukizikusanya hata kisado hakijai. Mimi naongea yale yale ya siku zote, uvuvi ziwani unafungwa miezi mitatu, kama 2024 tulivyofunga 15 Mei mpaka 15 Agosti, samaki wapate kuzaliana. Akanyoosha mkono.

"Bwana samaki, mwanangu, ziwa mnalifunga. Na jua mtalifunga?"

Watu kimya. Mimi nikajibu, "Mama yangu, hizo ni taratibu." Taratibu! Mama wa umri ule kauliza kitu cha maana mbele za watu halafu namjibu taratibu. Kila nikifumba macho naisikia sauti yangu inasema neno lile.

Na ana hoja kweli. Maji ya juu yakishika joto yanakuwa mepesi, yanatanda kama mafuta juu ya mchuzi, upepo wa kiangazi unashindwa kuyakoroga, basi rutuba iliyozama huko chini haipandi, mwani unapungua, vidudu wanaokula mwani wanapungua, dagaa anakosa na mgebuka anayemla dagaa naye anakosa. Utafiti wa 2003 ulikadiria mwani umeshuka kama asilimia 20. Mwingine wa 2016 ulichimba tope la chini ya ziwa ukakuta samaki walianza kupungua kabla hata uvuvi mkubwa haujaingia. Haya yote nayajua, na siku ile niliwatupia lawama wavuvi peke yao.

Baharini samaki akizidiwa na joto anahama. Vibua wa Atlantiki walisogea mpaka Iceland, nchi zikaanza kugombania mgao. Dagaa wetu ahamie wapi? Pembeni milima, na chini, ziwa lina kina cha mita 1,470 lakini ukishuka 200 tu huku kwetu hewa ya kupumua hakuna.

Jana nikamfuata. Shikamoo, marahaba, nikakaa mchangani nikamwambia, mama, jua siliwezi, ninachokiweza ni nyavu, samaki joto limeshambana tukimbana na sisi atakwisha. Akawa anageuza dagaa kwa kiganja, taratiiibu, mpaka akamaliza safu nzima.

"Sasa hapo umenijibu. Ungesema hivyo siku ile." Halafu, "Na hiyo miezi mitatu sisi tunakula nini?" Hilo nimeliandika kwenye ripoti, ukurasa wa kwanza kabisa, na nikamsomea nilivyoandika. Akanifungia dagaa kwenye gazeti. Nimerudi nyumbani mwepesi, nimekula ugali mkubwa.

Ila baba jicho la kushoto linamtoka machozi tangu juzi na hospitali hataki, nimempigia kaka ampeleke mpaka sasa simu hapokei.