Piritoni peke yake haitoshi

Mwanangu ana aleji ya karanga, na hapa Dar karanga ziko kila mahali. Kashata unaiona. Ninachokiogopa ni kisamvu kilichoungwa karanga, na zaidi unga wa lishe: mahindi, ulezi, soya, karanga, vyote vimesagwa pamoja na mara nyingi mfuko hauna hata maandishi. Ukipeleka nafaka zako mashineni, mashine ndiyo hiyohiyo iliyotoka kusaga karanga za mwenzio. Uji wa mwanangu ni wa ulezi mtupu, nausaga mwenyewe kwa blenda.

Uji wa kwa jirani ndio uliotufikisha hospitali. Midomo ilianza kumwasha, vipele vikavimba shingoni, akatapika, sauti ikakauka, kifua kikaanza kulia. Jirani alikimbia na glasi ya maziwa, kuua sumu. Ni mtu mwema sana, lakini nilimzuia: anayebanwa koo hanyweshwi kitu, na hiyo haikuwa sumu. Ni kinga ya mwili wake iliyoipokea karanga kama adui.

Daktari alimchoma adrenalini, dawa inayofungua njia ya hewa na kupandisha presha, kwenye msuli wa paja, upande wa nje. Dakika chache tu, kifua kikaanza kuachia. Nilipotaka kumwinua nesi aliwahi: "Mama, mwache alale, asisimame." Presha ikiwa imeshuka, kumsimamisha mgonjwa ghafla kunaweza kumuua. Anayehema kwa shida anaweza kukaa, ila asitembezwe. Walitubakiza kwa saa kadhaa, maana dalili huweza kurudi hata baada ya mtoto kuonekana mzima.

Ndugu zangu, piritoni na setirizini, zile dawa za kawaida za aleji, hutuliza muwasho na vipele. Hazifungui koo, hazipandishi presha. Mtu aliyekula kinachomdhuru akianza kuhema kwa shida, sauti ikabadilika, ulimi ukavimba, akalegea au kuzimia, msimpe kidonge mkakaa kusubiri, hata kama hana kipele kimoja. Mkimbizeni. Mwenye pumu ndiye wa kuharakishiwa zaidi.

Ile sindano ya adrenalini ya kutembea nayo sijaipata kwenye duka la dawa lolote mtaani kwetu. Kwa hiyo nilikwenda kwenye zahanati ya karibu nikauliza: adrenalini mnayo? Na usiku yupo wa kuichoma? Jibu la swali la pili lilikuwa hapana, kwa hiyo usiku tunapitiliza moja kwa moja hadi hospitali ya wilaya, na namba ya bodaboda anayelala jirani nimeibandika mlangoni.