Sikio Lililozoea Kiswahili: Nilivyojiandaa Upya kwa Mtihani wa Kiingereza Nikiwa Lindi

Mwezi Februari 2024 nilipanda basi kutoka Lindi kwenda Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 400, kufanya IELTS, mtihani wa kimataifa wa kupima Kiingereza, kwa ajili ya kuomba ufadhili wa shahada ya uzamili. Chuo nilichokiomba kilitaka wastani wa 6.5, na alama isiyopungua 6.0 katika kila sehemu. Nilikuwa nimefundisha Baiolojia sekondari kwa Kiingereza kwa miaka saba, kwa hiyo nilichokiogopa ni sehemu ya kuandika, na kuhusu kusikiliza sikuwa na wasiwasi wowote. Matokeo yalipotoka nilikuta kusoma 6.5, kuzungumza 6.5, kuandika 6.0 na kusikiliza 5.5. Wastani, ukisogezwa kwenye nusu iliyo karibu kama wanavyofanya wao, ukawa 6.0, na dirisha la maombi ya mwaka ule likanifungia nje.

Nilitumia muda mrefu kutafuta sababu kabla sijaanza mazoezi yoyote, na sijutii muda huo. Kiingereza chote nilichokisikia maishani mwangu, tangu kidato cha kwanza hadi chuo kikuu, kilitoka vinywani mwa Watanzania wenzangu, watu ambao kama mimi walianza na Kiswahili au na Kimwera na Kimakonde nyumbani. Tunapokitamka, kila neno linasimama peke yake na kila silabi inapewa haki yake. Mtihani ule una sauti za Waingereza, Waaustralia, Wamarekani na wengineo, na wao huyaunganisha maneno kama mtu anayesuka ukili. Aidha, rekodi husikika mara moja tu. Maswali ni 40 katika sehemu nne: mazungumzo ya watu wawili juu ya jambo la kawaida, maelezo ya mtu mmoja kwa umma, majadiliano ya kimasomo, kwa mfano ya wanafunzi na mwalimu wao, na mwisho mhadhara ambao hauna mapumziko katikati. Kwa kawaida majibu sahihi yapatayo 23 humpa mtahiniwa 6.0, na yapatayo 30 humpa 7.0. Nilichohitaji, kwa hesabu hiyo, kilikuwa majibu machache tu zaidi, na nilitaka kujua hayo machache yalipotelea wapi.

Aliyenionyesha ni mwalimu mstaafu wa Kiingereza anayeishi mtaa wa pili kutoka kwangu. Nilimwendea jioni moja nikiwa na simu na daftari.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Leo usinieleze ulichokielewa. Niandikie ulichokisikia."

Akaniambia nicheze sentensi moja kutoka kwenye rekodi ya mazoezi na kuiandika yote, neno kwa neno, kama imla tuliyofanyishwa shule ya msingi. Sentensi ilikuwa hii: "The vans have been repaired and they'll leave from gate thirteen." Mimi niliandika: "The van have been repair and they leave from gate thirty." Mwalimu akachukua kalamu yake nyekundu, akazungushia mahali panne bila kusema neno, kisha akaweka ncha ya kalamu chini ya "have" na kuuliza, "Hii umeiandika ya nini, kama gari ni moja?"

Swali lile ndilo lililobadilisha maandalizi yangu yote. Sikio langu lilikuwa limeiangusha ile "s" ya mwisho, lakini "have" nilikuwa nimeisikia vizuri na kuiandika kwa mkono wangu mwenyewe, na "have" haiwezi kukaa na gari moja. Vivyo hivyo, baada ya "have been" kitenzi hakiwezi kuwa "repair" tupu. Sarufi ilikuwa inanishuhudia kwamba nimesikia vibaya, na mimi sikuijali, kwa sababu nilikuwa nikijifunza sarufi asubuhi kwenye kitabu na kusikiliza usiku kwenye simu, kana kwamba ni masomo mawili yasiyojuana. Tangu siku hiyo niliyaunganisha. Kila jioni niliandika imla ya sentensi kumi, nikaisahihisha kwanza kwa sarufi peke yake kabla ya kurudia sauti, na ndipo nikalinganisha na maandishi ya rekodi. Kila kosa liliingia kwenye daftari maalumu pamoja na sababu yake.

Baada ya wiki tatu daftari lilianza kunieleza mambo. Makosa mengi yalikuwa mwishoni mwa maneno. Maneno ya Kiswahili humalizikia kwa irabu, na sikio lililolelewa hivyo hupumzika mapema, konsonanti ya mwisho ikafa bila kusikika. Kwa Mwingereza, hiyo konsonanti ndiyo inayobeba wingi na wakati uliopita. Kwenye mtihani, jibu likiwa "tickets" nawe ukaandika "ticket", umekosa.

Lile kosa la "thirteen" na "thirty" nalo lina chanzo nyumbani. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na "thirty" inafuata njia hiyohiyo tuliyoizoea. "Thirteen" ikisimama peke yake huweka mkazo mwishoni, mahali ambapo sisi hatuutegemei, kwa hiyo sikio linairudisha kwenye njia yake. Mwalimu alinionya nisitegemee mkazo peke yake, kwa kuwa neno jingine likifuata, kama katika "thirteen boxes", mkazo unaweza kuhamia silabi ya kwanza. Alama ya kuaminika zaidi ni ile irabu ndefu na "n" inayoifuata. Nilimpa mdogo wangu orodha ya tarakimu kuanzia 13 na 30 hadi 19 na 90, akawa ananisomea kwa kuchanganya huku nikiandika, kila siku kabla ya chakula cha usiku, mpaka nikapita siku tano bila kosa.

Jambo ambalo sijawahi kuliona likielezwa kwa watahiniwa wetu ni herufi. Sehemu ya kwanza ya mtihani mara nyingi ina jina la mtu au la mtaa linalotajwa herufi kwa herufi. Mwingereza akitaja E, sisi tunasikia "i", na mkono unaandika I. Akitaja I, tunasikia "ai". Akitaja A, tunasikia "ei", na wengine wanaandika E. Tunazijua alfabeti hizi tangu utotoni, lakini kuzijua na kuziandika kwa kasi ya mtu anayezungumza kwenye simu ni mambo tofauti. G na J nazo hupishana. Nambari za simu zina mtego wake: "double four" ni 44, na sifuri huitwa "oh". Upande wa saa, nilihitaji kuikataza akili yangu isitafsiri. Nikisikia "seven" nilikuwa nawaza saa moja, na wakati nikiwaza, jibu la pili limeshapita. Na "half seven" ya Waingereza ni saa saba na nusu kwa saa yao, yaani saa moja na nusu kwetu.

Katika sarufi, daftari lilinionyesha kwamba nilikuwa nikiandika Kiswahili kwa maneno ya Kiingereza. Kiambishi -me- ndicho kilichonisumbua kuliko vyote. Tunasema "nimemwona jana" bila shida yoyote, lakini "I have seen him yesterday" ni kosa, kwa sababu "have seen" haikubali wakati uliokwisha kama jana. Halafu -me- hiyohiyo katika "amelala", "amesimama" na "amevaa" inaeleza hali aliyo nayo mtu sasa hivi, ambayo Kiingereza huieleza kwa "is". Kwenye masharti tunasema "ningekuwa na nauli ningesafiri", -nge- pande zote mbili, nami nikawa naandika "If I would have the fare, I would travel", badala ya "If I had the fare". Niliacha kujaza mazoezi ya vitabu kwa kufuata sura moja baada ya nyingine. Nilichukua sentensi za Kiswahili ninazozisema kila siku, nikajiuliza Kiingereza kingezigawa vipi, nikapeleka majibu kwa Mwalimu. Kwa maoni yangu, mtu mzima anayejua Kiswahili vizuri anajifunza haraka zaidi kwa njia hii.

Kuhusu vifaa, sikuwa na vingi. Nilianza na vipindi vya Kiingereza cha polepole vya Sauti ya Amerika, mtindo ulioanza mwaka 1959 kwa msamiati wa maneno kama 1,500. Vilinipa ujasiri, lakini nilikaa navyo zaidi ya ilivyofaa, kwa kuwa msomaji anayetenganisha maneno hakufundishi kusikia yanapoungana. Baadaye nilihamia kwenye taarifa za habari za BBC na rekodi za mazoezi ya mtihani. Mwanzoni mwa Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipopita, barabara ya kwenda Dar es Salaam ilikatika eneo la Somanga, na siku chache baadaye intaneti ikasumbua nchi nzima kwa sababu ya hitilafu ya mikongo ya chini ya bahari. Bahati nzuri nilikuwa nimeshapakua rekodi zote kwenye kadi ya simu usiku, wakati bando ni nafuu, na mazoezi hayakukatika hata siku moja. Mara nyingine nilisikilizia kwenye kivuko cha kwenda Kitunda, ng'ambo ya mji wa Lindi, katikati ya kelele za injini na abiria, bila hedifoni, ili sikio lizoee kufanya kazi mahali pasipo tulivu.

Mwezi wa mwisho nilifanya zoezi moja tu: kusoma nafasi zilizoachwa wazi kabla ya sauti kuanza, na kuamua kwa sarufi ni neno la aina gani litakaloingia. Kabla ya nafasi kuna "a", basi mara nyingi ni nomino ya umoja inayoanza kwa sauti ya konsonanti. Baada ya nafasi kuna "are", basi ni wingi. Kabla yake kuna "to", huenda ni kitenzi kisichobadilishwa. Nilizoea pia kusubiri, kwa sababu mzungumzaji anaweza kutaja Jumanne, kisha akajisahihisha kuwa ni Alhamisi. Na maelekezo yakitaka maneno yasiyozidi mawili, neno la tatu linapoteza alama hata kama yote ni sahihi.

Nilirudia mtihani Septemba 2024, safari hii kwenye kompyuta, ambako hakuna zile dakika 10 za kuhamisha majibu zilizopo kwenye karatasi. Kuna dakika 2 tu za kuyakagua. Katika sehemu ya kwanza lilitajwa jina la mtaa herufi kwa herufi, likiwa na E mbili na I moja, nami niliziandika bila kusita. Matokeo yalikuwa kusikiliza 7.0, kusoma 7.0, kuzungumza 6.5, kuandika 6.0, na wastani 6.5. Nilimpelekea Mwalimu karatasi. Aliisoma taratibu, akaniuliza kwa nini kuandika kumebaki palepale, nami nikamjibu kwamba bado vineno "a" na "the" vinanipotea. Akasema, "Basi kesho njoo na daftari." Nilikwenda.