Tumehama, ila mtaa umetawanyika

Jana tumekabidhi ufunguo wa nyumba aliyoijenga marehemu baba. Tuliishi ukuta kwa ukuta na kiwanda. Usiku harufu ikizidi, mama aliziba chini ya mlango kwa kitambaa kilicholowa. Lakini kilichotung'oa ni dhoruba. Mafuriko hayakuleta maji matupu. Yalizoa uchafu wa matangi na mitaro ya kiwanda, yakauacha sebuleni, kisimani, na kwenye udongo wanapochezea watoto. Maji hukauka. Madini ya risasi yaliyomo kwenye uchafu huo hayaozi, yanabaki ardhini miaka na miaka.

Fidia tuliyopewa ili tuhame ndiyo iliyoniuma zaidi. Nyumba ilithaminiwa kwa bei ya soko, na soko lenyewe limeuawa na moshi wa kiwanda hicho hicho. Nani angenunua pale? Wapangaji, waliovuta hewa hiyo hiyo, hawakupewa hata gari la kubebea vitanda. Ningeulizwa, ningesema: tupimeni afya kwanza, kisha mtuhamishe pamoja, jirani na jirani yake.

Leo asubuhi mama amefungua dirisha la nyumba mpya, akasimama pale muda mrefu akivuta pumzi. Kisha akaniuliza jirani yake wa miaka 30 amepelekwa wapi. Sikuwa na jibu.