Zermatt au Grindelwald

Mwaka 2023 ulianza na joto la ajabu. Tarehe 1 Januari, mjini Delémont, Uswisi, kaskazini mwa Alpi, kipimajoto kilivuka nyuzi 20, na siku chache baadaye televisheni ikaonyesha mashindano ya skii ya Adelboden: utepe mwembamba wa theluji, majani mabichi kulia na kushoto. Mama yangu, aliyekuwa amekuja Bern kututembelea kutoka Machame, miteremkoni mwa Kilimanjaro, alitazama mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama hiyo ndiyo theluji niliyokuwa nikimsimulia miaka yote kwenye simu.

Mume wangu aliona aibu kana kwamba yeye ndiye aliyeiyeyusha. Pale pale akaapa kwamba Februari, wiki ya likizo ya michezo ya shule, tutakwenda mlimani sote watano. Yeye ni mtu wa Tanga, na sijui kwa nini, watu wa pwani wakishaizoea baridi huipenda kwa pupa.

Majina yaliyobaki mezani yalikuwa mawili. Yeye alitaka Zermatt. Hoja yake kubwa ilikuwa urefu: kijiji chenyewe kiko mita 1,600 hivi, na gari la kamba linafika kilele cha Klein Matterhorn, mita 3,883, ambako watu huteleza juu ya barafuto hata mwezi wa Julai. Ukitaka unavuka mpaka kwa skii, unakula tambi Cervinia upande wa Italia, unarudi. Theluji ya Zermatt, alisema, haimwombi mtu ruhusa. Tena magari ya petroli hayaingii. Unaliacha la kwako Täsch na kumalizia kwa treni. Binti yetu, aliyekuwa amejifunza kuteleza kwenye kambi ya shule, alikuwa upande wa baba yake tangu sentensi ya kwanza.

Mimi nilitaka Grindelwald, na nilijua udhaifu wake. Kijiji kiko mita 1,034 tu, na mwezi ule wa Januari kila mtu Uswisi alikuwa akizungumzia vijiji vya chini vilivyobaki na matope. Lakini kutoka Bern ni treni isiyofika saa moja hadi Interlaken, unabadilisha mara moja, umefika. Na kwa ile kadi ya watoto ya faranga 30 kwa mwaka, wetu wanasafiri nasi bila nauli. Kwenda Zermatt ni zaidi ya saa mbili. Halafu kulikuwa na jambo ambalo washauri wa skii hawalisemi. Wao hupima mahali kwa kilomita za njia za kutelezea. Kwetu aliyejua kuteleza alikuwa mmoja. Baba yake alijua kuanguka. Mimi, mdogo wetu wa miaka sita na Mama mwenye presha tungefanya nini na kilomita mia tatu za njia?

Tulibishana hivyo jioni kadhaa, yeye na jedwali lake la bei kwenye kompyuta, mimi na vyombo vyangu, hadi akaamua kumpelekea Mama shauri.

"Mama, kule Zermatt kuna treni ya meno ya tangu mwaka 1898. Inakupandisha hadi Gornergrat, mita 3,089. Wewe umekaa tu kitini."

"Mwanangu, elfu tatu kwetu ni wapi?"

Alifikiri kidogo, akivihesabu vibanda vya wapanda Kilimanjaro. "Umepita Mandara, hujafika Horombo."

"Na mtu mwenye presha apande kupita Mandara kwenda kunywa chai?"

Nikamwambia kwamba kutoka Grindelwald treni humfikisha mtu Kleine Scheidegg, mita 2,061, na watelezaji hukutana na wasioteleza pale pale stesheni. Kwa hesabu ya Kilimanjaro, hapo bado uko msituni. Mama akasema msituni anapafahamu. Jedwali likafungwa.

Bahati ikatuangukia katikati ya Januari: baridi ilirudi, theluji ikashuka mpaka bondeni. Tulipofika Grindelwald paa zote zilikuwa nyeupe, na ukuta wa kaskazini wa mlima Eiger ulisimama juu ya kijiji, mweusi, ukitisha. Ukuta huo haukupandwa na mtu hadi mwaka 1938, na ukiutazama huhitaji kuuliza sababu. Mdogo wetu hakuutazama hata kidogo. Alikuwa ameona Velogemel, baiskeli ya mbao yenye vibao vya kutelezea badala ya magurudumu, iliyobuniwa na seremala wa pale pale mwaka 1911, na tangu hapo hakutaka kusikia habari ya skii.

Kleine Scheidegg tulimketisha Mama juani, blanketi miguuni, supu mbele yake. Amekuwa akiiona theluji ya Kibo tangu azaliwe, lakini hakuwahi kuigusa. Alichota kiganja kimoja, akaifinya, ikamwagika kama unga. "Kumbe ni kavu," akasema, na nilimwona amekasirika kidogo, kama mtu aliyedanganywa. Kisha akataka kujua ile treni nyingine inakwenda wapi. Nikamwambia inaingia ndani ya Eiger, inatokea Jungfraujoch, mita 3,454, na wamefanya hivyo tangu mwaka 1912. Hakutaka kupanda. Alimpigia dada yake aliyeko Moshi na kumweleza kwa sauti ya kusikika meza zote: "Mlima wao ni mfupi kuliko wetu, ila wameutoboa."

Mwezi Machi, Mama akiwa amesharudi Machame, mume wangu na binti yetu waliondoka alfajiri kwenda Zermatt wawili tu, kwa siku moja. Theluji waliikuta tele, kama alivyoahidi. Mlima Matterhorn wenyewe hawakuuona, ukungu ulikaa kutwa nzima, na picha walizomtumia Mama zilikuwa kijivu kitupu na pua nyekundu. Akawajibu kwa ujumbe wa sauti kwamba wasihuzunike, hata Kibo hufanya hivyo wageni wakija.